Jina Linalokaa Kokote

Kinyozi huyu watu wanamwita Kipara, na sidhani kama kuna haja ya kueleza sababu. Ukikaa kwenye kiti chake unaona vichwa viwili kwenye kioo, chako kinachosubiri zamu na chake kilichomaliza zamani. Mteja mgeni akimtania, jibu lake liko tayari: "Kinyozi hajinyoi, bwana. Mimi nimenyolewa na Mungu mwenyewe." Kibanda kizima kinacheka, mashine inaendelea kunguruma, siku inakwenda.

Lakini wiki hiyo ninayoisimulia hakumtania mtu, na aliyetaniwa alikuwa yeye. Alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Anafagia nywele kabla mteja hajashuka kitini. Anaipaka mashine mafuta aliyokwisha kuipaka. Anatoka nje, anatazama barabara juu na chini, anarudi, na ukimuuliza alikuwa anatazama nini, hajui. Mwenzake wa kiti cha pili, ambaye kwa kutojua kunyamaza anaitwa Redio, alimwambia mbele za watu, "Kipara, aliyejifungua ni mkeo. Mbona uchungu unaumwa wewe?"

Kilichomsumbua ni jina. Mtoto wa kiume amezaliwa, mzima kabisa, ana sauti ya kuamsha mtaa, na hana jina. Na mama yake Kipara, bibi wa mtoto, ameshapiga simu kwamba anakuja Jumapili na hataki ubabaishaji. "Nikifika nitajiwe jina," alisema. "Mimi sibebi mtoto asiye na jina, kama mzigo uliosahauliwa stendi."

Usidhani hawa ni watu wasiojua kupanga mambo yao. Mimba ilipokuwa kubwa, daktari alitaka kuwaambia kama ni wa kike au wa kiume, mke wa Kipara akamzuia kwa mkono. "Usituambie." Na njiani wakirudi akamwambia mumewe, "Tutafute jina linalokaa kokote. Akija wa kike sawa, akija wa kiume sawa." Kipara akaona, naam, nimeoa mwanamke mwenye akili. Jioni nyingi wakakaa mezani wakiyapepeta majina kama mchele: Imani, Bahati, Zawadi, Tumaini. Hili ni la jirani mkorofi, hili kuna mtu kampa mbwa wake. Mwisho yakabaki mawili, Riziki na Amani. Yeye alipenda Riziki. Mkewe hakubisha wala hakukubali, alikuwa anatabasamu tu na kukunja vinguo vya mtoto, na Kipara, kama wanaume wengi, akalihesabu tabasamu kuwa ni ndiyo.

Asubuhi ya kwanza baada ya kutoka hospitali, mtoto yuko begani anacheulishwa, mkewe akasema bila hata kugeuka, "Nimeamua. Ataitwa Nuru."

Kipara alikuwa anafunga kamba za viatu. Akazifungua, akazifunga upya.

Nuru alikuwa binti yao. Hilo lazima ulijue sasa hivi, la sivyo utamwona huyu baba mjinga bure. Alizaliwa miaka kadhaa kabla, akatembea mapema, akasema "baba" kabla ya "mama", jambo ambalo Kipara alilitangaza kibandani mpaka wateja wakachoka nalo. Alipozaliwa, mkewe akawa Mama Nuru kwa mtaa mzima, na yeye nyumbani akawa Baba Nuru. Kisha homa ikaja, ikamchukua mtoto upesi, hata miaka miwili hajatimiza. Tangu walipotoka makaburini Kipara hakulitamka tena lile jina. Si kwamba aliapa. Lilikuwa halitoki tu, likifika kooni linakwama kama mwiba wa samaki.

"Hilo ni jina la mwenzake," alisema.

"Ni jina linalokaa kokote. Fundi bomba aliyetutengenezea sinki anaitwa hivyo hivyo, na ana ndevu mpaka kifuani."

"Tulikubaliana Riziki au Amani."

"Ulikubaliana wewe. Mimi nilikuwa nakunja nguo."

"Sasa mtoto mchanga tumvishe jina la marehemu?"

"Jina si sanda," mkewe akajibu.

Ukiona mtu anajibu taratibu namna hiyo, jua maneno yale hakuyaokota asubuhi ile. Ameyalea muda mrefu. Kipara akachukua ufunguo wa kibanda akatoka, chai akaiacha mezani inapoa.

Kibandani alijitahidi kuwa mjanja. Hakusema lolote la Nuru. Aliuliza tu, kana kwamba ni jambo la kupitisha muda, eti kati ya Riziki na Amani lipi linamfaa zaidi mtoto wa kiume. Weee! Ungedhani kawatupia mfupa. Kwenye benchi alikuwepo dereva wa lori, kwenye kiti cha Kipara alikuwa mwalimu mkuu aliyehamia mtaani miezi michache tu nyuma, na Redio, ndiyo hivyo tena, alikuwa Redio.

"Riziki!" Redio akasema. "Mtoto wa jina hilo halali njaa."

"Shangazi yangu anaitwa Riziki," dereva akadakia. "Mimi nikisikia Riziki naona gauni na fimbo."

"Na mimi nina mjomba Riziki," Redio akamjibu. "Anabeba friji peke yake, ghorofa ya tatu."

"Basi Amani."

"Amani nilisoma nao watatu darasa moja, wawili wasichana. Mwalimu akiita Amani wanasimama wote watatu, na hakuna hata mmoja aliyefanya zoezi."

Mwalimu mkuu akacheka mpaka kitambaa cha shingoni kikalegea. "Msiniambie mimi," alisema. "Mwaka huu nimempanga Amani bweni la wasichana, godoro limetandikwa, kila kitu tayari. Akaja Amani, ana sauti nzito kuliko yangu."

Hapo hata Kipara alicheka kidogo. Alikuwa amechomoa kichana cha mashine, kile kinachozuia wembe usifike kwenye ngozi, anakipuliza nywele zilizonasa. Nusu ya kichwa cha mwalimu ilikuwa imeshakwisha vizuri, imebaki nusu.

"Lakini mkitaka ushauri wangu," mwalimu mkuu akaendelea, maskini, hajui anachokanyaga, "acheni yote hayo. Mpeni Nuru. Fupi, zuri, linakaa kwa wote."

Redio akajikohoza. Dereva wa lori akaanza kuvichunguza viatu vyake kana kwamba ni mara ya kwanza kuviona. Na Kipara, mkono wake ukiwa umeshazoea kazi bila kumuuliza, aliirudisha mashine kichwani pa mwalimu, akaivuta kutoka paji la uso kwenda nyuma, moja kwa moja. Kichana kilikuwa bado kwenye mkono wake wa kushoto.

"Kipara," mwalimu mkuu akasema, "mbona nasikia baridi?"

Akatazama kioo. Katikati ya kichwa palikuwa pamepita barabara nyeupe ambayo ungeweza kuitafutia mkandarasi aiwekee lami.

Nisikuchoshe na kelele zilizofuata. Kosa kama hilo halina dawa ila moja, na dawa yenyewe ni kunyoa chote. Kipara aliomba radhi mara nyingi kuliko idadi ya nywele zilizoanguka. Mwalimu, mtu muungwana, alisema tu kwamba Jumatatu ana kikao na wazazi, Redio akamwahidi kuwa watamheshimu zaidi. Alipotoka, amejifunika kofia aliyoazimwa na dereva, Redio alizima kelele zake zote akamsogelea mwenzake.

"Nenda nyumbani, ndugu yangu. Leo utakata mtu sikio."

"Nyumbani ndiko kwenye moto," Kipara akasema.

Na kweli nyumbani hapakukalika. Si kwamba waligombana. Wangegombana ingekuwa nafuu. Mkewe alimpa chakula, akamuuliza habari za kazi, akamkabidhi mtoto amshike kidogo aoge. Ila kila Kipara alipofungua mdomo kuhusu jina, alijibiwa kwa kifupi na akafungiwa mlango. Wageni walikuja na kuondoka, mikono imejaa sabuni na nepi, na wote walikuwa na wimbo mmoja: "Hongera, shemeji! Hongera, dada, kwa kifungua mimba!" Mkewe alijibu asante, kisha akaenda jikoni kutafuta kikombe ambacho hakikuhitajika. Kipara aliona. Akadhani ni uchovu wa uzazi.

Ijumaa alijaribu biashara. Alikuja na wazo alilolipika njia nzima, akajiona mwanasheria.

"Tumwite Riziki," alisema, "halafu lile lako liwe jina la pili. Liandikwe, libaki kwenye karatasi. Kila mtu apate."

Mkewe alikuwa anaanika vitambaa kwenye kamba ya barazani. Akashikiza kibanio, akashikiza kingine.

"Jina la kwenye karatasi haliitwi na mtu," alisema.

Kipara alikaa na jibu lile kutwa nzima akiligeuza huku na huku, na hakuona mlango wake uko wapi. Kwani jina kuitwa lina nini? Mtoto si atakuwa na jina lingine la kuitwa? Alitembea mpaka mwisho wa barabara akarudi. Alinunua betri za tochi ambayo hana.

Jumamosi mchana akaja muuza vitunguu. Meza yake imeegemea ukuta wa kibanda cha Kipara, kwa hiyo anaijua familia hii kuliko ndugu wengine wanavyoijua. Mwanamke mchangamfu, mikono mikubwa, hana baya na mtu. Alivua viatu mlangoni, akanawa, akampokea mtoto na kumpima uzito kwa viganja vyake kama anavyopima bidhaa.

"Huyu kamili, hajapunjwa! Hongera, dada yangu. Hongera, shemeji. Haya, kifungua mimba huyu tunamwitaje?"

"Nuru," mke wa Kipara akasema.

"Bado hatujaamua," Kipara akasema, wakati ule ule.

Mikono ya muuza vitunguu ikasimama. Akamtazama Kipara, na kwa kuwa ni mtu asiyejua kuficha, lililokuwa moyoni likamponyoka. "Nuru? Lakini shemeji, si wewe mwenyewe uliyetukataza..."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wake ulikuwa umeshajikwaa.

"Aliwakataza nini?" mke wa Kipara akauliza.

"Aa, dada, mambo ya zamani hayo. Tuyaache."

"Dada, umembeba mwanangu. Niambie."

Muuza vitunguu alimtazama mtoto, akamtazama baba, akaona hakuna pa kukimbilia. "Wiki ile ya msiba," alisema, sauti imeshuka. "Alipita kwetu mmoja mmoja. Kwangu, kwa fundi viatu, kule kwenye duka la dawa unakofanya kazi, mpaka kwa mama yake. Akatuomba. Akasema jina la mtoto linakuumiza, tusimtaje tena wala tusikuite hivyo. Tukuite dada, tukuite shemeji, chochote. Alikuwa analia, dada. Nani angemkatalia? Tukajizoeza. Mimi siku za mwanzo nilikuwa najing'ata ulimi kila nikikuona."

Kipara alikuwa amesahau. Au tuseme alijisahaulisha, maana kuna mambo mtu huyafukia mwenyewe kisha akapanda majani juu yake. Sasa aliyaona yote: asubuhi ile ya mvua, viatu vina tope, akigonga mlango huu na ule, akiamini kwa roho yake yote kwamba anamwondolea mkewe mwiba.

Muuza vitunguu alimrudisha mtoto mikononi mwa mama yake, akatafuta viatu vyake, na safari hii hata kuaga aliaga kwa kunong'ona.

Mkewe alikaa kitandani. Hakupiga kelele. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea, na Kipara aliungoja mshindo akiwa amesimama katikati ya chumba hajui mikono yake aiweke wapi.

"Niliamka siku ile nikaenda kununua mkate," mkewe akaanza. "Jana yake nilikuwa Mama Nuru. Siku ile nikawa dada. Dukani dada, kazini dada, kwa mama yako mwanangu. Mtaa mzima, kwa siku moja. Nikasema, loo, watu hawa wamemsahau mwanangu upesi hivi? Hata udongo haujakauka?"

"Nilitaka kukupunguzia..."

"Ulinipunguzia mtoto."

Kipara akaegemea ukuta.

"Miaka yote hii nimewachukia watu wasio na kosa. Yule mama wa vitunguu, ananipa nyongeza kila nikinunua, mimi moyoni nasema, mnafiki huyu, alimbeba Nuru mgongoni leo hata hamtaji. Kumbe ni wewe." Akamweka mtoto vizuri kifuani. "Na wewe mwenyewe. Nilikuita Baba Nuru jioni moja, unakumbuka? Uliinuka ukatoka nje. Nikajua basi, hata ndani ya nyumba sina wa kumtaja naye. Nikangoja. Nikasema nikipata mwingine, awe wa kike awe wa kiume, nitampa jina lile lile, tuone watalikwepa vipi."

"Ndiyo maana ulitaka jina linalokaa kokote."

"Ndiyo maana."

Nje mtu alipita anapiga mluzi. Mtoto alinyonya akapumzika, akanyonya tena.

"Kesho mama yako akiuliza," mkewe akasema, "nitamwambia anaitwa Nuru. Wewe ukitaka kupinga, pinga mbele yake."

Sasa hapo mwanamume afanye nini? Kipara aliona haki ya mkewe, iko wazi kama mchana, na aliyeiiba ni yeye. Lakini akimtazama mtoto, ule mdomo mdogo unavyochezacheza usingizini, anaona na huyo ana haki yake. Kila atakapoitwa, ataitika yeye, na mama yake atakuwa anamsikilizia mwingine. Atakimbia na jina la dada yake, ataanguka na jina la dada yake, na siku akikosea ataambiwa mwenzake asingefanya hivyo. Mtoto huyo kamkosea nani? Aliwaza hivyo mpaka kichwa kikamuuma, na jawabu hakupata.

Jumapili asubuhi alitoka mapema. Kibanda hakifunguliwi Jumapili, ila miguu ilimpeleka upande ule ule. Alikuwa ameamua jambo moja: alilolifunga kwa mdomo wake atalifungua kwa mdomo wake. Alianza na fundi viatu, ambaye Jumapili kwake ni siku kama siku nyingine. Fundi alikuwa ameinamia soli, misumari ameipanga mdomoni.

"Ile kauli yangu ya zamani," Kipara akasema, "nimeifuta."

"Kauli gani?"

"Ya mke wangu. Mwiteni kama mlivyokuwa mnamwita."

Fundi akatema misumari kiganjani. "Tulikuwa tunamwitaje?"

"Unajua."

"Najua sana. Lakini ulitukataza kwa mdomo, turuhusu kwa mdomo. Sema."

Kipara akafungua mdomo. Akameza mate. Akafungua tena. Mwiba ulikuwa pale pale. Fundi alimtazama, si kwa ubaya, kisha akairudisha misumari mdomoni na kuendelea kugonga. Kipara aliondoka bila kuaga, na milango mingine aliyokuwa ameipanga hakuigonga. Angeigonga aseme nini? Mtu anayetaka mtaa mzima ulitaje jina ambalo yeye mwenyewe halimtoki ni kichekesho, na kwa siku ile vichekesho vilikuwa vimemtosha. Aliogopa, nikuambie kweli. Aliogopa kwamba jina lile likimtoka, na yeye mwenyewe atamwagika asizoleke.

Mama yake alifika saa sita, na mfuko wa nguo, na maagizo. Akanawa mikono, akakaa kwenye kochi, akanyoosha mapaja. Redio alikuwa ameshafika, amevaa shati la kola. Muuza vitunguu alikuja kusaidia jikoni, kwa woga kidogo, na mke wa Kipara alimkumbatia mlangoni muda mrefu, mpaka Redio akauliza kama kuna mtu anasafiri.

Mtoto akawekwa mapajani pa bibi. Bibi akamkagua vidole, masikio, nyayo.

"Masikio ya kwetu haya," alisema. "Nywele anazo, tumshukuru Mungu, maana baba yake mnamwona. Haya! Kifungua mimba wangu mimi, bibi yako amefika. Niambieni anaitwa nani."

Mke wa Kipara alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Alimtazama mumewe mara moja tu. Kisha akavuta pumzi aseme.

"Mama," Kipara akawahi, "huyo si kifungua mimba."

"Unasema nini wewe?"

"Kifungua mimba wetu ni Nuru."

Lilitoka. Wala sikudanganyi kwamba lilitoka vizuri. Lilitoka na kikohozi, na machozi, na makamasi, mtu mzima na kipara chake katikati ya sebule. Redio, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane mtaani, hakuwa na neno. Bibi alimshika mtoto kwa mikono miwili.

"Nuru ndiye wa kwanza," Kipara akasema. "Alitembea mapema. Aliniita baba. Mimi niliwakataza wote msimtaje, mama, hata wewe nilikukataza, na nilikosea." Akajifuta kwa mkono wa shati, akageuka kuelekea mlango wa jikoni. "Mama Nuru."

Mkewe hakuitika.

"Mama Nuru!"

"Abee."

"Mtaje mtoto wetu wa pili. Jina lolote utakalosema, mimi nimekubali. Hata hilo hilo."

Na alikuwa amekubali kweli. Kama mkewe angesema Nuru, mtoto angeitwa Nuru, na Kipara angelibeba kila siku mpaka azeeke. Wote waliokuwepo walijua hivyo. Mkewe alivuka sebule taratibu, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akamtazama mwanawe kwa muda. Alimgusa shavu kwa kidole, akamrekebisha kofia iliyoteleza. Mtoto alipiga miayo, hana habari.

"Anaitwa Riziki," alisema. Sauti ilimkatika, akasubiri ikarudi. "Riziki. Mdogo wake Nuru."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Muuza vitunguu alikuwa analia waziwazi na mwiko mkononi. Bibi alilirudia jina kwa sauti ya chini, Riziki mdogo wake Nuru, Riziki mdogo wake Nuru, mara kadhaa, kama mtu anayekariri njia ya nyumbani kwake. Machozi yalikuwa yanamshuka na yeye, hayafuti. Halafu ghafla akaruka kitini, amemnyanyua mtoto juu juu kwa mikono yote miwili.

"Ala! Mama Nuru, leta kitambaa upesi, huyu mdogo mtu amenikojolea!"

Mama Nuru akaenda kuleta kitambaa.